Kinyozi Aliyeruka Kurasa

Palikuwa na kinyozi mmoja ambaye mdomo wake ulikuwa na kasi kuliko mashine yake. Duka lake lilikuwa na viti viwili, kioo kirefu kilichopasuka kona moja, na benchi la mbao ambalo halikukosa watu hata siku ambazo hapakuwa na nywele za kunyoa. Watu walikuja kusikiliza. Mteja akitaja nchi yoyote, kinyozi alikuwa na la kusema: huko watu hawasalimiani, kule mvua hainyeshi, kwingine wanaume ndio wanaofua. Alizungumza kana kwamba amerudi jana na bado hajafungua begi.

Siku moja alikuwa akimnyoa Mwalimu, mstaafu mpole aliyefundisha jiografia mpaka sauti ikamkauka. Kinyozi akawa anamweleza jinsi watu wa Peru wanavyovumilia baridi ya milimani. Mwalimu akamtazama kupitia kioo.

"Fundi, hebu niambie ukweli. Wewe umewahi kufika wapi?"

"Kufika kwa miguu?"

"Kwa miguu, kwa basi, kwa chochote kile."

Kinyozi akakohoa. "Nimefika stendi."

Benchi zima likaangua kicheko. Mmoja alicheka mpaka akaomba maji. Kinyozi naye alicheka, maana angefanyaje, lakini masikio yalimwaka moto, na kutwa nzima kila aliyeingia alimsalimia kwa swali, "Habari za stendi?"

Hakuwa mtu wa kuchekwa na kulala. Kesho yake alikuja na ramani kubwa ya dunia, akaigongomea ukutani kando ya kioo, akapanda juu ya kiti cha wateja na viatu vyake.

"Sikilizeni! Kabla sijafa nitasoma kitabu kutoka kila nchi iliyomo kwenye karatasi hii. Nikimaliza nchi naipaka rangi. Anayetaka kunicheka aje acheke mbele ya ramani."

Wakampigia makofi. Mwalimu mwenyewe alisimama akampa mkono. Tangu siku ile hakuna aliyemwita tena fundi. Walimwita Dunia, na jina lilimkaa kama amezaliwa nalo.

Dunia aliishi na mama yake mzazi katika nyumba ndogo nyuma ya barabara ya duka. Dada yake mkubwa, fundi cherehani, alikaa mitaa miwili mbele na alikuja kila siku kuangalia kama mama amekula. Mama huyu alikuwa opereta wa simu enzi zile ambazo mtu akitaka kuongea na ng'ambo ni lazima apitie kwa mtu. Alikaa mbele ya ubao wa nyaya, vipokea sauti masikioni, akichomeka huku na kuchomoa kule. Nambari za wateja alizijua kwa kichwa. Wakubwa zake walikuwa wakisema kitabu cha simu kikipotea wao hawana wasiwasi, wanaye yeye. Na alipozeeka kichwa hakikupungua kitu. Ungemtajia duka lililobomolewa zamani, angekupa nambari yake na jina la karani aliyekuwa akipokea. Wenzake walijivunia mashamba na nyumba za kupangisha. Yeye alijivunia kumbukumbu yake. Kilichomtupa ni macho. Presha ya macho ilimla taratibu mpaka akabaki kuona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu anayepita mbele yake.

Aliposikia habari za ramani, aliita, "Baba, njoo hapa. Mimi nimewaunganisha watu wa Oslo na Bombay. Nimewasikia wakilia, wakicheka, wakinong'onezana mambo yao. Kisha nachomoa waya. Sijui hata mmoja aliishije baada ya hapo. Ukisoma, nisomee na mimi."

Dunia alifurahi kupata msikilizaji. Wakapanga: Jumatatu, siku ambayo duka hufungwa, na siku nyingine jioni kabla ya chakula. Mkutubi wa maktaba ya mtaa, mwanamke mchangamfu aliyekuwa amekata tamaa ya kuona mtu mzima akiazima kitabu, alimtafutia vitabu hata kwa kuandika maombi maktaba kuu. Vingi vilikuwa vya Kiingereza. Dunia alivipitisha machoni kwa Kiingereza na kuvitoa mdomoni kwa Kiswahili, na hiyo kazi si mchezo. Jasho lilikuwa likimtoka. Lakini vile vya mwanzo alivisoma kwa haki, neno kwa neno, na mama alikaa kwenye kiti chake cha kamba, mikono mapajani, kichwa kimeinama upande mmoja kama vile bado amevaa vipokea sauti.

Mambo yaliharibika kidogo kidogo, kwa namna ambayo mtu haoni mahali alipoanzia kuteleza. Kulikuwa na riwaya ya Finland yenye msitu. Mwandishi aliueleza ule msitu mti kwa mti. Dunia alikuwa amesimama kutwa nzima, miguu inamwuma, akafungua ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu, bado ni miti.

"Ni msitu, mama. Msitu mkubwa."

"Haya, tuendelee."

Mama hakugundua. Dunia aliona kumbe inawezekana. Kitabu kilichofuata aliruka ugomvi wa ndugu juu ya mirathi, kilichofuata akaruka utoto wote wa mhusika mkuu, akamleta tayari ni mtu mzima ana ndevu. Na dukani nako hapakumpa nafasi ya kupumua. Kila asubuhi benchi lilimwuliza, "Dunia, umefika wapi?" Ikipita wiki ramani haijaongezeka rangi, mtu alisema, "Naona gari limekwama," na wengine wakacheka kile kicheko cha siku ya stendi. Basi akawa anakimbia. Akishindwa kufika mwisho wa kitabu, alikitungia mwisho. Mdomo wake ulijua kazi hiyo tangu zamani. Alikaa mbele ya mama kitabu kimefunguliwa, macho ameyatuliza juu ya maandishi, na hadithi ikamtoka kichwani mwake.

Ndivyo alivyofanya na kile cha Bulgaria.

Kitabu hicho kilimhusu mwanamke aliyekuwa na kibanda cha chai kwenye stesheni ndogo ya treni. Kaka yake alichukuliwa na askari akiwa kijana, na tangu hapo kila treni iliposimama yule mwanamke alitoka mlangoni kuangalia nani anashuka. Mama alikipenda kitabu hiki kuliko vyote. Alikuwa akimsimamisha mwanawe: rudia hapo, alisemaje huyo mkuu wa stesheni? Dunia alijua sababu. Mama naye alikuwa na kaka, aliyekwenda kutafuta kazi nchi za watu kabla Dunia hajazaliwa. Aliandika barua mwanzo mwanzo, kisha akanyamaza. Miaka yote ya ubao wa nyaya, mama aliwahi kumwambia dada, kila simu ya kutoka nchi ile ilipoingia alisikiliza sauti kwanza kabla ya kuuliza nambari.

Lakini kitabu kilikuwa kinene, na maktaba ilikuwa imetangaza siku ya wasomaji, Dunia akiwa mgeni rasmi. Alitaka ramani ipendeze. Alifika katikati ya kitabu, pumzi ikamwishia. Jumatatu moja, bila kufungua ukurasa unaofuata, alimleta kaka. Treni ilisimama kwenye ukungu. Akashuka mwanamume mwenye nywele haba, kofia ameishika mkononi. Hakusema kitu. Alisimama mbele ya kibanda, akamwita yule mwanamke kwa jina lake la utotoni. Wakakumbatiana. Mwezi ule ule wakapaka mlango wa kibanda rangi mpya.

Mama alilia. Alilia bila sauti, akitabasamu, machozi yakiteremka hadi kwenye kola ya gauni. "Alirudi," alisema. "Ameshika kofia mkononi. Unaona jinsi alivyomheshimu dada yake?" Dunia alijisikia vibaya kidogo, kisha akajiambia amemfurahisha mama, kuna ubaya gani? Kesho yake aliipaka Bulgaria rangi ya kijani. Mama aliwasimulia majirani kisa kile. Dunia naye, kwa kujisahau, alikisifu sana kitabu dukani.

Siku ya wasomaji ukumbi wa maktaba ulijaa. Viti vya plastiki vilipangwa mpaka mlangoni, na ramani ilitundikwa mbele kama bendera. Mama alikuwa kiti cha mbele, ndani ya gauni lake la sherehe ambalo dada alilipiga pasi mara mbili. Dunia alizungumza, akashangiliwa, akajibu maswali. Kisha mkutubi akashika kipaza sauti, "Na nasikia mama yetu hapa ndiye msikilizaji wake. Mama, kipi kilikugusa zaidi?"

Mama alisimama bila kushikwa mkono. Sauti yake ilikuwa ile ya kazini, safi, kila neno likikaa mahali pake. Alieleza kibanda cha chai, treni, ukungu, kaka anashuka kofia mkononi. Alipomaliza, mkono ukanyooshwa safu ya tatu. Alikuwa Mwalimu.

"Samahani mama yangu, si kwa ubaya. Kitabu hiki nilikiazima baada ya mwanao kukisifu. Nimekimaliza juzi. Huyo kaka harudi."

"Anarudi," mama akasema, akitabasamu. "Labda hujafika mwisho."

"Nimefika, mama. Ninacho hapa." Mwalimu, kwa mazoea yake ya darasani, akafungua kurasa za mwisho na kusoma. Kaka hakufa vitani wala hakupotea. Alikuwa akiishi mji wa pili kwenye reli ile ile, kwa jina jingine, ana mke na watoto, akiona aibu kujitokeza. Mwanamke anapata habari, anapanda treni, anamwona kupitia dirishani akiuza magazeti kwenye jukwaa la stesheni. Hashuki. Treni inaondoka naye.

Mtu nyuma akacheka kidogo. Si kicheko kibaya, ni kile cha kumwonea mzee huruma, lakini kilisikika. Mama alibaki amesimama. Aliugeuza uso pale alipojua mwanawe amekaa.

"Mwambie, baba. Si ulinisomea? Ile kofia?"

Watu wote wakamtazama Dunia. Mkutubi alikuwa akimtazama, ramani nyuma yake imejaa rangi. Ulimi ulikuwa mzito kama taulo lililolowa. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, na neno lililomtoka ni hili:

"Mama siku hizi anachanganya kidogo. Ni umri. Tumsamehe."

Ukumbi ukashusha pumzi. "Aah, pole mama." "Ni uzee tu, mama, kaa upumzike." Mwanamke mmoja alimshika bega akamsaidia kukaa. Mama alikaa. Mikono aliiweka mapajani, akaanza kusugua kidole gumba kimoja kwa kingine mpaka shughuli ikaisha.

Njiani alitembea ameushika mkono wa mwanawe. Walipita duka la viatu, wakapita karakana ya baiskeli. Karibu na nyumbani akauliza, taratibu, kama anayeuliza njia, "Sasa ile kofia nimeitoa wapi?"

Hapo hapakuwa na ukumbi wala mkutubi. Palikuwa na mtu na mama yake. Dunia akasema, "Labda kitabu kingine, mama."

"Labda," mama akasema.

Kuanzia siku ile mama alianza kujichunguza. Dada alimkuta asubuhi akitaja nambari za zamani za simu kwa sauti ya chini: kiwanda cha sabuni, zahanati, ofisi ya meli. Alizitaja zote bila kukosea, lakini hakukuwa na wa kumthibitishia, kwa hiyo hazikumsaidia. Akaacha kupika. Alimkabidhi dada kiberiti, "Nisije nikawaunguza." Akaacha kuwasimulia majirani visa. Jirani akimwita nje, alisema anaumwa kichwa. Jumatatu ilipofika Dunia akaja na kitabu, mama alitikisa kichwa.

"Usijisumbue, mwanangu. Nitakusikia leo, kesho nitakuwa nimekichanganya na cha mwenzake. Soma vyako ukamalize ramani."

Dada alimpeleka hospitali. Daktari alimwuliza siku, mwezi, akampa maneno ya kukumbuka, akamwambia ahesabu kwa kurudi nyuma. Mama alijibu yote. Daktari akasema hana tatizo lolote, kichwa chake ni kizima kuliko cha wengi waliomo ofisini mle. Mama alimshukuru, na walipofika nje akamwambia binti yake, "Ananipoza. Ni kijana mwenye adabu."

Dukani, habari zilikuwa zimefika. Wateja walimpa Dunia pole. Mwenye duka la vipuri aliketi kwenye kiti, shuka shingoni, akamsimulia jinsi mama yake naye alivyoanza: kwanza majina, halafu njia, halafu watoto wake mwenyewe. "Vumilia, ndugu yangu. Umpende tu. Unafanya kazi kubwa." Alimshika mkono ule ulioshika mashine. Dunia alisema asante. Alizipokea pole hizo siku baada ya siku, na kila moja ilimwingia kama kitu alichokiiba. Kwenye kioo alikuwa akitazama kichwa cha mteja tu, uso wake akiuepuka. Ramani hakuigusa. Watu walidhani ni kwa sababu ya majonzi, wakamheshimu zaidi.

Mara kadhaa alirudi nyumbani akiwa amekata shauri kusema. Akimkuta mama ameketi kimya, aliishia kumwuliza kama amekula. Alijiambia atasema mama akichangamka. Lakini mama hakuchangamka.

Siku moja alirudi mchana kuchukua wembe alioacha. Mama alikuwa kwenye kiti chake, na simu juu ya stuli pembeni yake ikawa inaita. Mkono wake ulikuwa hapo hapo, vidole karibu viiguse. Simu iliita, ikaita. Mama aligeuza kichwa kuelekea sauti ile, na hakuipokea.

"Mama, simu."

"Nimeisikia."

"Mbona hupokei?"

"Nikipokea halafu nisijue ni nani?" alisema. "Nikimwita mtu jina la mwingine? Iache. Itanyamaza."

Huyu ndiye aliyekuwa akimtambua mtu kwa namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema haloo. Simu ikanyamaza. Dunia aliweka wembe chini. Akakaa sakafuni kama mtoto.

"Mama, hujachanganya kitu. Ile kofia niliitunga mimi."

Mama aliinamisha uso kuelekea sakafuni, sauti ilikotoka.

"Kile kitabu sikukimaliza. Nilifika katikati nikachoka. Nikatunga. Mwalimu alisoma kilichoandikwa, na wewe ulisema nilichokwambia. Kichwa chako hakina kosa."

"Mbele za watu," mama akasema polepole, "nilipokuambia uwaambie, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na njiani nilipokuuliza?"

"Nilijua, mama."

Alikaa akilipima jambo hilo. Dunia alitamani apigwe, apigiwe kelele, lolote. Mama akaanza kuuliza, na sauti yake ilikuwa ile ya ofisi ya simu.

"Yule mtoto wa Vietnam aliyefuga bata?"

"Huyo ni wa kweli."

"Mzee wa Chile aliyeoa uzeeni?"

"Nilimwozesha mimi."

"Wale mapacha wa Moroko waliopatana?"

"Sijui kama walipatana. Sikufika huko."

"Na mama wa yule baharia? Alipona?"

Dunia aliinamisha kichwa. "Nadhani alikufa. Niliona jina lake likitajwa kwenye mazishi, nikafunga."

Mama akatikisa kichwa taratibu, kama karani anayefuta vitu vilivyokosekana stoo. Kisha akasema, "Mimi nimekaa hapa nikiiaga akili yangu. Kila asubuhi naamka naipapasa kuona kama bado ipo. Nilikuwa nimeanza kumwomba Mungu anichukue kabla sijawasahau ninyi wawili. Wewe ulikuwa unaingia na kutoka, unaniuliza kama nimekula."

Akapapasa stuli, akaishika simu, akabonyeza nambari za dada bila kusita. "Njoo nyumbani," alisema. "Hapana, siumwi. Njoo na kiberiti changu. Sababu muulize ndugu yako, yupo hapa sakafuni."

Dada alikuja, akasikia, na alichomwambia mdogo wake siku ile hakiandikiki. La mwisho alilosema ni kwamba angeweza kumvumilia mwizi kuliko yeye. Mama hakumtetea.

Hakuna aliyemwagiza aende kusema kwa watu. Alikwenda mwenyewe kwa sababu alikuwa hawezi tena kupokea pole hata moja. Alianza dukani. Mwalimu alikuwa kwenye kiti, benchi limejaa. Dunia alizima mashine na redio, akasema yote akiwa amesimama nyuma ya kiti, akitazama sakafu iliyojaa nywele. Vitabu alivyoruka. Kofia. Maneno aliyoyasema ukumbini.

Mtu mmoja akacheka, akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Mwenye duka la vipuri, yule aliyemshika mkono, alisimama.

"Mimi nilikusimulia habari za mama yangu," alisema. "Ukaniitikia asante." Akatoka, na hakurudi kunyoa pale tena.

Mwalimu alibaki ametulia, nusu ya kichwa imenyolewa. "Kumbe mimi ndiye niliyemwaibisha bibi wa watu," alisema.

"Hapana, Mwalimu. Ni mimi."

"Nilisoma kwa sauti, fundi. Nilijiona mjuzi." Akajifuta uso kwa pembe ya shuka. "Malizia kichwa. Siwezi kutoka hivi."

Maktaba ilikuwa ngumu zaidi. Mkutubi aliwaita wasomaji, walikuja wachache. Dunia alirudia maneno yale yale, na mkutubi alimsikiliza huku akikunja na kukunjua kitambaa cha mezani. Alisema tu, "Maombi yote yale niliyoandika," kisha akaenda kupanga viti ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

Aliporudi nyumbani mama aliuliza, "Waliokuwapo siku ile wamesikia?"

"Baadhi yao."

"Na wengine?"

"Hawakuja, mama."

"Basi hao watakwenda kaburini wakijua mimi ni mzee aliyepungukiwa." Alisema bila hasira, kama anayetaja hali ya hewa. Mpaka leo, Dunia akikutana barabarani na mtu aliyekuwa ukumbini siku ile, hawezi kujua yuko upande upi, na mara nyingine humsimamisha mtu asiyemjua vizuri, katikati ya soko, amweleze. Watu humwona wa ajabu. Jina la Dunia lilikufa. Sasa wanamwita Kofia, na anaitika.

Ramani aliing'oa, akaosha rangi kwa sabuni hadi karatasi ikachanika pale palipochorwa bahari, akaibandika tena ilivyo. Alibakiza zile nchi chache za mwanzo alizozisoma kwa haki.

Kwa muda mrefu mama alizungumza naye mambo ya chumvi na maji tu. Wakati huo alikuwa amerudi jikoni, na majirani walikuwa wanamsikia tena akiongea kwa simu dirishani, akimtambua kila mtu. Jumatatu moja, Dunia akiwa anatengeneza mguu wa meza, mama alisema, "Kile cha Bulgaria kiko wapi?"

"Maktaba."

"Kalete."

Mkutubi alimpa bila maneno mengi. Dunia alikaa mbele ya mama, akafungua. Mama akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana, akauweka mkono wake wa kushoto juu ya kitabu, kidole kwenye ukingo wa karatasi. Kila ukurasa uliogeuzwa ulipita chini ya kidole hicho. Dada alikuwa ameketi mlangoni akishona vifungo, akiinua macho mara kwa mara.

Kilichukua majuma mengi. Yale ya katikati ambayo Dunia aliyaona marefu yalikuwa ni miaka ya yule mwanamke, treni baada ya treni, na sasa aliyatafsiri yote, hata bei za chai. Walipofika mwisho aliusoma neno kwa neno: dirisha la treni, mtu anauza magazeti, mwanamke hashuki. Akafunga kitabu. Alisubiri mama alie, na mama hakulia.

"Kwa hiyo alikuwa karibu muda wote," mama alisema. "Wa kwangu nimekuwa nikimfikiria amekufa. Sikuwahi kufikiria anaona aibu." Akageuza uso kuelekea mwanga wa dirisha.

Baada ya hapo waliendelea na nchi nyingine, mwendo wa kobe. Mama anapenda vitabu, na hajaacha kuvipenda kwa sababu ya mwanawe. Lakini kidole bado kiko kwenye ukingo wa karatasi, na ikitokea Dunia akasita kidogo, anatafuta neno la Kiswahili au anameza mate tu, mama huinua kichwa.

"Hapo umeruka?"

"Sijaruka, mama."

"Rudia."

Naye hurudia, tangu juu ya ukurasa.